Chembe Zimebadilika

Mama mkwe wangu alirudi kutoka kliniki akitabasamu, na tabasamu lile ndilo lililotupoteza sote. Alivua viatu mlangoni, akanifungua mtoto mgongoni kana kwamba ni mzigo wake mwenyewe alioniazima asubuhi, akaketi kwenye kiti chake kifupi cha mbao na kushusha pumzi.

"Nimeambiwa nina chembe tu," alisema.

"Chembe ya moyo?" Mume wangu aliuliza bila kuinua kichwa. Alikuwa sakafuni anafungua pampu ya maji ya mteja, vyuma vimetapakaa juu ya magazeti makuukuu.

"Hiyo hiyo. Muuguzi kaniambia, 'Mama, chembe zako zimebadilika, itabidi urudi tuzishughulikie.' Nikamwambia haya, mwanangu, ahsante."

"Zako?" Mume wangu alicheka. "Mama, mwenzetu una chembe ngapi? Sisi wengine tumeumbiwa moja, hapa." Akajigonga kwa bisibisi pale mbavu zinapokutana.

"Wewe hujabeba magunia niliyobeba mimi. Ungekuwa nazo tatu."

Tukacheka wote. Hata mwanangu, ambaye tunamwita Kibogoyo kwa kuwa meno yake bado yapo njiani, alifunua fizi zake akacheka kwa kuwa bibi yake anacheka. Nikaenda kupasha maziwa. Kiungulia cha Mama tulikuwa tumekizoea. Kila akila akalala papo hapo, alishika kifua na kulalamika kwamba chembe imemkaba. Alikuwa ametuaga kwamba anakwenda kupimwa mwili, na hatukumchimba zaidi. Sasa jibu limekuja, na jibu lenyewe ni lile tulilolijua. Nani angeuliza swali la pili?

Mama anauza vitunguu. Sokoni wanamwita Bi Machozi, kwa sababu hakuuzii gunia bila kukukatia kitunguu kimoja katikati, ili uone mwenyewe kwamba ndani ni kizima. Wauzaji wenzake humtania kwamba anajitia hasara na kuwaliza wateja bure. Yeye huwajibu kwamba mteja aliyelia mbele yake hatakuja kulia nyuma yake.

Ndiye aliyenisukuma kurudi darasani. Mimi niliacha shule kabla ya kumaliza, kisha nikaolewa, kisha nikazaa, na nilikwisha jiambia kwamba mambo ya madaftari yamenipita. Siku moja alinikuta nasoma maandishi ya kwenye mfuko wa mbolea kwa sauti, namsomea Kibogoyo, na alisimama mlangoni mpaka nikamaliza. Kesho yake aliniambia kuna masomo ya watu wazima pale shule ya msingi, jioni.

"Na mtoto?" nilimuuliza.

"Mtoto gani? Huyu wangu? Wewe nenda. Mimi nilizaa kabla yako, kubembeleza najua."

Basi kila jua likianza kupoa nilimkabidhi Kibogoyo, nikaenda kukaa kwenye dawati la mtoto wa darasa la pili, magoti yakigonga ubao, pamoja na watu wazima wenzangu. Jirani yangu wa dawati alikuwa kinyozi mmoja mcheshi, mikono yake ikinukia spiriti, na hakuna somo lililopita bila yeye kulitia chumvi.

Siku ya somo la seli, Mwalimu alikuwa ameniomba nije na kitunguu. Mama alichagua mwenyewe. Alikibonyeza, akakinusa penye shina, akanitilia mkononi. "Mwambie mwalimu wako hicho hakina doa."

Tangu siku ile ya kliniki, vitunguu vya msimu ule vilikuwa vimekwisha sokoni na vipya vimeingia.

Mwalimu wetu wa biolojia ni mtu wa sauti ya chini, anayefuta ubao kwa mkono wa shati. Alikuwa ameazima hadubini moja kutoka sekondari, ameibeba kifuani barabara nzima kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Alipasua kitunguu, akabandua ile ngozi nyembamba ya ndani inayong'aa, akailaza juu ya kioo, akaidondoshea ayodini. Tukapanga foleni.

Zamu yangu ilipofika niliinama, nikafumba jicho moja, na mwanzoni niliona kope zangu tu. Kisha vikatokea vyumba. Safu kwa safu ya vyumba virefu, vimepangwa kama matofali ya fundi asiyepindisha kamba. Kila chumba kilikuwa na kuta zake, na ndani yake doa la kahawia lililosogezwa pembeni.

"Hilo doa ni kiini," Mwalimu alisema. "Limebanwa pembeni kwa sababu katikati kuna ghala la maji, linaitwa vakuoli. Maji yanasukuma, ukuta unazuia. Ndiyo maana kitunguu kibichi kikikatwa kinalia kwa kisu."

"Mwalimu," kinyozi alisema, "mbona sioni kijani? Juzi ulituambia mmea unajipikia kwa kijani chake."

"Kijani kipo kwenye majani, kule juu juani. Hiki kimekaa udongoni. Kingepikia moto gani?"

"Kumbe kinalishwa tu. Kama mimi kwa mke wangu."

Darasa likacheka. Mwalimu akangoja, kisha akasema sasa tunahamia kwa wanyama, na anataka mtu wa kujitolea.

"Mnyama wetu nani?" kinyozi aliuliza.

"Ungekuwa wewe, lakini ungeongea mpaka kioo kikauke," Mwalimu alisema, akanitazama mimi.

Nilijikwangua ndani ya shavu kwa kijiti cha meno, upande ulio butu, kama alivyonielekeza. Alipaka kile kimate juu ya kioo, akakitia rangi ya bluu, akanipisha niwe wa kwanza.

Hapakuwa na vyumba. Niliona kitu kama vipande vya kitambaa chepesi vilivyodondoka majini, kila kimoja na umbo lake, vingine vimejikunja ukingoni. Katikati ya kila kipande palikuwa na kiini cha bluu, kimetulia kama mboni ya jicho. Nilijisikia ajabu. Nilikuwa najitazama mimi, na sikuwa nafanana na mimi.

"Hazina ukuta," nilisema.

"Hazina. Zina utando tu, mwembamba kuliko kitu chochote ulichowahi kushika. Huo utando ndio mlango na ndio bawabu. Chakula kiingie, taka zitoke. Ndani kuna majiko madogo madogo, mitokondria, kila seli inajichomea nguvu zake. Na kiini kimeshika maagizo ya lini ikue, lini igawanyike, lini ikome. Mti una ukuta, kwa hiyo unasimama. Sisi tungekuwa na ukuta, hakuna ambaye angeweza kuinama amwinue mtoto."

Akageuka ubaoni akaandika: seli. Chini yake akaandika: chembe hai.

"Vitabu vya zamani vilisema hivi. Chembe hai, au chembe tu. Mkilikuta kwenye mtihani msibabaike. Ni kitu kile kile."

"Lahaula!" Kinyozi alipiga dawati. "Mke wangu analia chembe kila akila maharage. Kumbe ni zote hizo zinamuuma?"

Darasa zima lilikufa kwa kicheko. Mwalimu mwenyewe alicheka, akajifuta macho kwa ule mkono wa shati wenye chaki.

"Ya mkeo ni chembe ya moyo, na anayo moja. Hizi ni chembe za mwili, hazina hesabu. Chembe ya, chembe za. Sikilizeni viambishi, jamani, vitawaokoa."

Mimi nilikuwa bado nimeinama kwenye hadubini, nimeshika meza. Nilimsikia Mama kana kwamba amekaa dawati la nyuma yangu. Chembe zako zimebadilika. Itabidi urudi tuzishughulikie. Alikuwa ameyaleta maneno ya muuguzi nyumbani kama alivyopewa, hakudondosha hata silabi, na sisi tuliyapokea kwa kicheko.

"Mwalimu," nilisema. "Chembe zikibadilika?"

"Zikibadilika vipi?"

"Mtu akiambiwa na muuguzi. Kwamba chembe zake zimebadilika."

Aliweka chaki chini.

"Nani ameambiwa?"

"Mama yangu."

Mwalimu alikuja hadi pembeni yangu, na sauti yake ya chini akaishusha zaidi, ibaki yetu wawili. "Kuna wakati kiini kinaharibikiwa maagizo. Seli inasahau mpaka wake, inagawanyika bila kuagizwa. Mara nyingi inaanza taratibu, na wanaoiona mapema ni watu wa hadubini. Ikiwahiwa, inatibika. Alirudi kliniki?"

"Hakurudi. Tulidhani ni kiungulia."

"Basi nenda nyumbani," alisema. "Somo nitakurudishia."

Mume wangu hakuwepo. Alikuwa amekwenda kufunga pampu kwenye shamba la mtu, na alituambia atalala huko huko. Nilimkuta Mama ameketi, Kibogoyo amemlalia kifuani mdomo wazi, na mkono mmoja wa Mama unapiga mgongo wa mtoto polepole, ingawa mtoto amekwisha lala.

"Leo mmefukuzwa?" aliniuliza. "Au kitunguu changu kimewashinda?"

Niliketi chini mbele yake. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno, na sasa hata moja halikuja kwa zamu yake.

"Mama, siku ile ya kliniki. Muuguzi alikupima wapi?"

"Wapi tena? Kitandani."

"Mwilini, Mama. Alipima sehemu gani?"

Mkono wake ulisimama mgongoni mwa mtoto. "Maswali gani hayo ya mkwe kwa mama mkwe wake?"

"Nisamehe. Lakini nataka kujua."

"Unataka kujua! Umesoma kitunguu kimoja umekuwa daktari. Kesho utataka kunitoa meno."

Nilitaka kucheka naye, nikashindwa. Akaona. Uso wake ukabadilika kidogo kidogo, kama mtu aliyesikia hatua nje na hajajua ni za nani.

Nikamweleza. Nilimwambia nimejikwangua shavu nikajiona kwenye kioo, vipande vidogo visivyo na ukuta. Nilimwambia mwili mzima umeshonwa kwa vipande hivyo, ngozi, ulimi, tumbo, kila mahali, na kwamba jina lake la vitabuni ni chembe. Nikamwambia chembe ya moyo ni moja. Na kwamba yeye aliambiwa zako, aliambiwa zimebadilika, na mume wangu alisikia kosa lile akalifanya mzaha, nasi tukacheka.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliinuka, akamlaza Kibogoyo kitandani, akamzungushia mito pande zote asidondoke, akarudi, na badala ya kukaa kwenye kiti chake akakaa chini pamoja nami. Hakunitazama.

"Nilikwenda kwa sababu ya damu," alisema.

Nilimsogelea.

"Mambo hayo mimi yalikwisha zamani, kabla hujaolewa hapa. Kisha yakarudi. Kidogo tu, kama mtu anayechungulia mlangoni akaondoka. Nikafua nguo zangu peke yangu. Ningemwambia nani? Mwanangu ni mwanamume. Wewe ni mke wake." Alisugua magoti yake kwa viganja. "Nikajikaza nikaenda. Binti akaniangalia huko huko, akanikwangua na kijiti, akaniambia nirudi kwa majibu. Niliporudi akasema chembe. Unajua nilivyofurahi? Nilikwenda na hofu ya chini, nikapewa ugonjwa wa juu, ninaoujua, wa kunywea maziwa. Nikasema Mungu kaniona."

"Na damu, Mama?"

"Damu ipo."

Nje watoto wa majirani walikuwa wanagombania mpira na kuitwa ndani wakaoge. Nilimshika mkono. Alikuwa na mkono mgumu, wenye harufu ile ya vitunguu isiyotoka kwa sabuni.

"Kesho tunakwenda," nilisema.

"Kesho nina mzigo unashuka."

"Mama."

"Mzigo wa watu, wamekwisha lipa..."

"Mama, wewe mwenyewe ukikuta kitunguu kimeanza kulainika shinani, unakirudisha guniani?"

Alinitazama hapo. Alinitazama muda mrefu, na nilidhani nimevuka mpaka.

"Ulimi huo umeutoa kwangu," alisema mwishowe. "Kesho asubuhi, basi. Lakini mwanangu asijue."

Muuguzi alimtambua tulipoingia tu. "Mama! Tumekutafuta mpaka tumechoka. Ile namba uliyotuachia haipatikani."

"Simu iliingia maji," Mama alisema kwa sauti ndogo.

Muuguzi alipojua kilichotokea alikaa chini. Hakuwa mkubwa kunizidi sana. "Zamani nilikuwa nasema seli," alisema. "Kuna bibi mmoja nilimwambia tumeona tatizo kwenye seli zako, akainuka akaondoka mbio. Alidhani namsingizia kesi, nataka kumtia mahabusu. Kuanzia siku hiyo nikaona afadhali niseme chembe, watu wazima wanaijua." Alifunika mdomo. "Kumbe wanaijua nyingine."

"Hukukosea, mwanangu," Mama alimwambia. "Ulisema vizuri. Mimi ndiye niliyechagua cha kusikia."

Alipelekwa kwa daktari siku ile ile. Akatolewa kipande kidogo cha nyama kikapelekwa maabara, tukarudi nyumbani, tukaishi siku za kungoja. Sikumbuki tulikula nini siku hizo. Nakumbuka Mama alikuwa anamwogesha Kibogoyo mara mbili kwa siku, na anamsugua taratibu, kiganja kwa kiganja, kidole kwa kidole.

Daktari alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani, asiye na haraka. Alichora kwenye kipande cha karatasi. Alichora tabaka za chembe, moja juu ya nyingine, na chini yake mstari mmoja.

"Hizi hapa juu zimeharibika, mama, na zimeongezeka tangu kipimo cha kwanza. Mstari huu ni utando mwembamba unaotenga tabaka hili na nyama ya chini. Zikiwa juu ya mstari zimejifungia zenyewe. Zikivuka, zinapata njia ya damu, zinasafiri."

"Zangu zimevuka?"

"Kipande tulichochukua ni kidogo, hakisemi yote. Tunapaswa kuutoa mfuko wote wa uzazi, tuukague. Hapo nitakujibu."

Mama aliutazama ule mstari. Aliweka kidole juu yake, kama anayehisi kama una kina.

"Mfuko wote," alisema.

"Wote, mama."

"Nimezaa mara moja tu, daktari. Mmoja huyo huyo."

Daktari alivua miwani. Aliisogeza karatasi pembeni, na nilimshukuru moyoni.

Njiani Mama aliniambia nimwambie mume wangu mimi. Alisema nitafute namna, nina maneno ya shule. Nilimwambia kila kitu kingine nitamfanyia, nitamfulia, nitamlisha, nitamwogesha, ila hilo alitoe kinywani mwake. "Akisikia kwangu atakuonea haya mpaka mwisho," nilisema. "Na wewe utamwonea haya."

Alitembea mbele yangu hadi nyumbani.

Mume wangu alikuwa sakafuni na vyuma vyake. Mama aliketi. Mimi nilijifanya natafuta kitu kabatini.

"Mwanangu, weka chuma hicho chini."

"Nakusikia, Mama, nimalizie tu hii nati."

"Weka chini."

Akaweka. Mama akamweleza, kuanzia nguo alizozifua peke yake hadi ule mstari wa daktari. Alimweleza akitazama ukuta, na mume wangu alimsikiliza akitazama mikono yake yenye grisi. Alipofika kwenye neno chembe, mume wangu alifumba macho. Najua alikuwa anakisikia kicheko chake.

"Watautoa ule mfuko," Mama alimalizia.

"Mfuko gani?"

"Ulimokaa wewe."

Kibogoyo alikuwa anagonga ufuniko wa sufuria sakafuni, hana habari. Mume wangu alijifuta mikono kwa kitambaa, akajifuta tena, akajifuta na pale palipokuwa safi.

"Basi wautoe, Mama," alisema, na sauti ikamkatika katikati. "Mimi nilishahama mle zamani. Sikuacha kitu."

Mama alicheka. Akacheka mpaka akainama, na alipoinama kile kicheko kikageuka, na mume wangu akamwendea kwa magoti, akiparaza vyuma vyake vikatawanyika chumba kizima.

Siku ya upasuaji tulikaa kwenye benchi la korido. Kila mlango ulipofunguliwa tulisimama, na kila mara ilikuwa mtu wa mwingine. Daktari alipotutokea alisema umekwenda vizuri, lakini majibu ya hadubini yatasubiriwa. Tukasubiri tena. Nilikuwa nimejifunza kwamba kuna mtu mahali fulani ameinama juu ya kioo, amefumba jicho moja, anapitia chembe za Mama moja baada ya nyingine. Nilimwombea mtu yule nisiyemjua. Niliomba asiwe amechoka.

Majibu alituletea daktari mwenyewe wodini. Mama alikuwa ameegemezwa mito, amepungua.

"Zilivuka," daktari alisema, kwa sababu alijua ndilo tulilolingoja na hakutaka kulizungusha. "Mahali pamoja. Padogo, punje ya mchanga ni kubwa kuliko hapo. Kwingine kote zilikuwa bado juu ya mstari. Tulikata mbali na mahali hapo, na kingo zote za tulichokitoa ni safi."

"Kwa hiyo amepona?" mume wangu aliuliza.

"Nitasema ninachokijua. Hatukuona nyingine iliyobaki. Mama atarudi kupimwa, na atarudi tena, kwa miaka. Hilo msilisahau kwa furaha. Mngechelewa mpaka msimu mwingine, leo ningekuwa naongea nanyi maneno mengine."

Mama aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayepokea mzigo na kuupima kwa mikono kabla ya kuuweka begani.

Siku ya kubadilisha bandeji alinitaka nibaki. Muuguzi wa wodi aliifungua taratibu, pamba ikitoka tabaka kwa tabaka, na Mama akageuza uso pembeni. Mimi nilitazama. Mshono ulikuwa umekauka. Kingo mbili za ngozi zilikuwa zimekutana na kushikana, na kati yake palikuwa na mstari wa waridi, mpya.

"Pameoza?" Mama aliuliza ukutani.

"Pamefunga, Mama. Pazuri."

"Nyuzi zimeshika?"

"Nyuzi zinasaidia tu. Zitatolewa. Wanaoshona wenyewe wako ndani. Ni chembe zako, zinagawanyika, moja inakuwa mbili, mbili nne, mpaka pengo liishe."

Aligeuza uso haraka. "Zinagawanyika? Zile zile?"

"Hizi ni zile nzuri. Zinafanya kazi hiyo hiyo, lakini zinajua kukoma. Zikigusana zenyewe kwa zenyewe, zinaacha."

Alifikiri. Muuguzi alikuwa ameshika bandeji mpya, anangoja, na hakutuharakisha.

"Zinajua kukoma," Mama alirudia. Alinyoosha mkono, akaushusha tumboni, juu kidogo ya mshono, bila kugusa. Aliuacha hapo kama anavyouacha mgongoni mwa mtoto ambaye hajajua bado kama amelala. "Haya, mama zangu," alizinong'oneza. "Shoneni taratibu. Na mkifika, mwishie hapo hapo."